Mwalimu wa Mkwajuni aliyewaachia watoto kiti chake

Saa nane mchana, jua limeyapiga mabati ya shule ya msingi ya Mkwajuni mpaka yanalia, na kiti cha mwalimu wa darasa la saba kimekaliwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Jina lake Yasmin. Begani ametupia kanga iliyochakaa, nyekundu iliyopauka kwa kufuliwa, na amekaa kwa madaha ya mtu mwenye wajukuu.

Mwalimu mwenyewe, Ermelinda, yuko nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yamebanwa chini ya mbao. Amefumba mdomo kama mtu aliyefunga anayepita mbele ya kikaango cha maandazi.

"Haya, wajukuu zangu," anasema Yasmin. "Mtu akikuahidi kitu, utajuaje kama anaweza kukitoa?"

Tuaibo, kijana mrefu wa mstari wa kati, anaweka korosho moja mbichi juu ya dawati lake. Hiyo ndiyo ruhusa ya kusema. "Utamwuliza anacho au hana, bibi."

"Na akisema anacho?"

"Utamwambia akuonyeshe."

"Na akikuonyesha cha mwenziwe?"

Darasa linacheka, kisha linatulia. Watoto wanatazama juu, wanatafuta jibu kwenye boriti za paa. Kule nyuma, Ermelinda amekunja ngumi mapajani. Anatamani kusema "vizuri sana", lakini sheria ya darasa hili ameitunga mwenyewe, nayo inamkataza kusifu jibu.

Raha hiyo ingekuwa kamili kama darasa lingejaa. Walioandikishwa ni sitini na mmoja. Leo wamekuja kumi na tisa. Dawati la mbele, upande wa dirisha, halina mtu, ila halina vumbi pia, kwa sababu kila asubuhi mwalimu analifuta kwa mkono wake. Ni dawati la Nazira, binti wa miaka kumi na minne. Mchezo huu wa bibi na wajukuu ulianzia kwake, na ndio uliomponza.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba ni mwezi ujao. Nazira asipoufanya, anasema Ermelinda, shule kwake imekwisha. "Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo."

Ermelinda ana umri wa miaka thelathini na minne, na si mtu wa huku. Kwao ni Quelimane, mkoa wa Zambézia, mbali upande wa kusini. Serikali ilipompangia wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa nchi, mwaka 2009, aliambiwa anakwenda pwani, naye akafurahi akidhani pwani zote ni moja. Alifika Mkwajuni na sanduku moja, hajui neno hata moja la Kiswahili, Mkristo peke yake katika kijiji cha Waislamu, na moyoni amebeba picha ya binti yake Benvinda, aliyemwacha kwa mama yake akiwa na miaka sita.

Wenyeji walimpokea vizuri. Walimpa muhogo, wakampa samaki, wakamjengea uzio wa makuti bila kumwomba chochote. Lakini kupokelewa ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kula naye ni jambo jingine. Miaka hii yote anapakua sahani moja. Jumapili anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, mwenyewe na sufuria zake. Siku ya kufuata mshahara benki, mjini Mocímboa da Praia, anakaa sokoni kuliko inavyomlazimu, ili asikie tu watu wakizungumza Kireno kwa fujo.

Darasani nako alikuta kimya. Si kimya cha utovu wa adabu, la hasha. Watoto wa Mkwajuni walikuwa na adabu ya kumtia mtu wazimu. Akiuliza kama wameelewa, wote kwa pamoja: "Sim, senhora professora." Ndiyo, mwalimu. Akiuliza kwa nini, wote macho chini. Angeweza kuwafundisha kwamba samaki wanaishi juu ya miti, nao wangeandika vizuri kwa mwandiko wa kupendeza.

"Mwanzoni nilidhani hawajui Kireno. Nikajifunza Kiswahili, nikauliza kwa Kiswahili. Kimya kilekile," anasema. "Nikadhani basi hawanipendi."

Akafanya kosa la kwanza. Chuoni alikosomea ualimu walifundishwa kwamba mwanafunzi hufikiri vizuri zaidi anapobishana na mwenzake. Basi siku moja akawasimamisha vijana wawili mbele ya darasa, akamwamuru mdogo aeleze mkubwa amekosea wapi. Mdogo akasema. Jioni ile mama zao, waliokuwa wakichota maji kisima kimoja, hawakusemeshana, na hali hiyo ikadumu hadi mfungo ulipoingia. Vijana wale walikuwa watoto wa mtu na kaka yake. Kumsahihisha mkubwa wako mbele za watu, pale Mkwajuni, ni sawa na kumvua nguo.

Aliyemfumbua macho hakuwa mkaguzi wala kitabu. Alikuwa bibi yake Nazira, Bi Ancha, ambaye Ermelinda alikwenda kwake kununua mkeka.

Aliwakuta wamekaa uani, bibi anasuka ukili, mjukuu anamchambulia miyaa. Bi Ancha alikuwa akieleza kwamba zamani wasichana walikuwa na haya na mvua zilikuwa nyingi. Nazira, binti ambaye darasani hakuwahi kufungua kinywa kwa hiari yake, akamwambia bibi yake kuwa huo ni uongo. Kama zamani mvua zilikuwa nyingi, ile njaa anayoisimulia kila siku ilitoka wapi? Bibi akamjibu kuwa njaa ililetwa na ngedere. Nazira akataka kujua ngedere wangapi wanaweza kumaliza mashamba ya kijiji kizima, na walikwenda wapi baada ya kushiba. Bi Ancha akacheka mpaka ukili ukamtoka mikononi. "Mke mwenzangu huyu atanitoa roho," akasema.

Hapo baba yake Nazira, Ossufo, mkulima wa minazi na mtu wa maneno machache, akaingia uani. Nazira akainamisha kichwa. Kwa ghafla akawa yule mtoto wa darasani.

Ermelinda hakununua mkeka siku ile. Alibaki kumwuliza Bi Ancha sababu, na bibi kizee akamshangaa kwa kutojua jambo ambalo hata mtoto wa kutambaa analijua. Alimwambia: "Baba anaogopwa, mwanangu. Bibi anaulizwa. Mimi na huyu ni watani. Akinibishia hanitukani, ananichangamsha."

Kisha akavua kanga yake ya kazi, ile nyekundu, akampa.

Ndivyo darasa la saba la Mkwajuni lilivyopata bibi. Anayevaa kanga ndiye bibi wa siku, awe msichana au mvulana, na wengine wote ni wajukuu. Mjukuu ana ruhusa ya kubisha, kutania na kudai sababu. Bibi haruhusiwi kuamuru wala kukasirika. Anajibu kwa sababu, au kwa swali jingine. Kila mtoto ana korosho tatu, mbichi na zenye maganda yake, kwa kuwa za kukaanga zingeishia tumboni. Ukisema unatoa moja. Wasemaji wakubwa wanaishiwa mapema na kubaki wanasikiliza, na waliozoea kujificha wanajikuta wao ndio wenye akiba.

Mwalimu naye ana korosho zake tatu. Tangu mchezo uanze hajawahi kutumia hata moja.

Wa kwanza kuvaa kanga alikuwa Nazira. Wenzake wanasema hajatokea bibi kama yeye. Alikuwa na namna ya kumgeukia mtu aliyejificha pembeni na kumwuliza, taratibu, "Na wewe mjukuu wangu uliyenyamaza, umeona nini ambacho sisi hatukukiona?" Walijadili kwa nini kisima cha juu kinakauka kabla ya cha chini. Walijadili kama mwizi wa nazi aliyekuwa na njaa ni mwizi. Kuna siku Ermelinda alitoka darasani akaenda kulia nyuma ya choo cha shule, kwa furaha, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumweleza.

Wakati huo gesi ilikuwa imekwisha kuonekana chini ya bahari, na Mkwajuni nayo ikaanza kuonekana. Helikopta zikapita juu ya minazi. Wageni wakaja na mashine za kupimia ardhi. Mnara wa simu ukasimamishwa, na Ermelinda, aliyekuwa akitembea mpaka kilimani kutafuta mtandao, sasa angeweza kumpigia Benvinda akiwa kitandani kwake.

Alipiga. Benvinda alikuwa amefikisha miaka kumi. Alimjibu mama yake kwa heshima: ndiyo mama, hapana mama, nimekula mama.

"Nikakata simu, nikakaa," anasema Ermelinda. "Mwanangu ananijibu kama darasa langu la kwanza. Watoto wa watu nimewafundisha kusema. Wangu amenyamaza."

Mwezi wa nane mwaka huu wa 2013, kijiji kiliitwa kwenye mkutano katika uwanja wa shule. Wageni walieleza kwamba ardhi ya Mkwajuni itahitajika kwa ajili ya gesi, watu watahamishiwa mahali pengine, watajengewa nyumba na kupewa mashamba mapya. Mgeni mkuu, mtu wa makamo mwenye suti, alizungumza kwa upole. Wazee walisikiliza. Mwenyekiti wa kijiji, kaka yake Ossufo, alishukuru kwa niaba ya wote, na watu wakapiga makofi. Mgeni akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyesimama, maana nani angesimama? Pale kila mtu ana kaka, mjomba au mkwe aliyekwisha kupiga makofi.

Nazira akatoka katika kundi la wanafunzi. Alikuwa na ile kanga. Alitembea hadi meza ya wageni, akapiga goti kwa adabu zote, akainuka, akamtupia mgeni mkuu kanga begani.

Kwake yeye lilikuwa jambo la heshima. Mtu mkubwa haulizwi; bibi anaulizwa. Basi alimfanya bibi kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia: "Mashamba mtakayotupa, leo hii ni ya nani?"

Watoto wa darasa la saba walinyamaza kusubiri, kama walivyozoea. Watu wazima wao wakaangua kicheko, kicheko cha aibu kile kinachomtoka mtu bila ridhaa yake. Mgeni mkuu aliona jambo moja tu, kwamba amevishwa nguo ya mwanamke mbele ya kadamnasi na watu wanamcheka. Akaitoa kanga, akaiweka mezani, akasema mkutano umekwisha.

Swali halikujibiwa. Hadi leo halijajibiwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ossufo alimtoa binti yake shuleni siku ileile. Nazira amekwisha kuchezwa unyago, ni mtu mzima kwa hesabu ya nyumbani kwao, na msichana aliyechezwa hamvishi kanga mwanamume asiyemjua, tena mgeni wa kaka wa baba yake. Wazazi wengine wakafuata. Mauro, mwalimu mkuu, ambaye naye ni mtu wa kuja kutoka Nampula, alimwita Ermelinda ofisini, akafunga mlango, akamwomba afuate kitabu. Hakumgombeza. Alimwambia tu kuwa yeye ana watoto wanne na hataki kuhamishwa.

Walikubaliana kwamba mjadala ufanyike mara moja kwa wiki, baada ya vipindi, kwa watoto ambao wazazi wao hawakatai. Ndio hao kumi na tisa.

Kijiji hakikumtukana Ermelinda. Wanamsalimu na kumjulia hali. Ila salamu zimekuwa fupi, na hakuna anayemwambia karibu ukae. Watoto waliokuwa wakija kumkunia nazi hawaji tena. Siku ya Idi, mwezi huu, kwa mara ya kwanza tangu afike, hakuna sahani iliyogonga mlango wake. Alikaa amevaa vizuri mpaka adhuhuri, kisha akavua akapika wali wake mwenyewe. Akilisimulia hilo anatabasamu, lakini macho hayamo katika tabasamu lile.

Mara tatu alikwenda kwa Ossufo kuomba radhi. Mara tatu alipewa kigoda, akapewa maji, akapewa kimya. Nazira alikuwa ndani, alimsikia akikohoa. Bi Ancha hakutoka.

Mara ya nne ilikuwa wiki iliyopita, na siku hiyo Ossufo alizungumza. Alimweleza kwamba juzi yake watu wawili wa kijiji cha jirani walifika barazani kwake, watu anaowafahamu, aliokula nao harusini. Walitaka kujua kama ni kweli kwamba watu wa Mkwajuni wanakuja kupewa mashamba yao.

"Swali la mwanangu limekuja kwangu kwa miguu," Ossufo aliliambia gazeti hili pia, akiwa amesimama chini ya minazi yake na upanga mkononi. "Halikuwa swali baya. Ubaya ni kwamba alitangulia. Angeuliza mtu mzima kwanza, yeye angekuwa amemfuata mkubwa wake. Sasa ametangulia peke yake, na watu wanasema sikumfunza."

Alipoulizwa kwa nini asiulize yeye, alitazama upande wa nyumba ya kaka yake. Kuuliza leo ni kumwambia kaka yake mbele za watu kwamba alishukuru kitu asichokijua. Hawezi. Na hakuna mtu Mkwajuni anayeweza, maana wote ni ndugu. Heshima si utumwa, waungwana wamesema, lakini siku nyingine hufunga watu kwa kamba ileile.

Kwa Ermelinda hakuficha kitu. Alimwambia: "Wewe mwalimu una kwenu. Siku moja utaondoka. Sisi ndio tutakaobaki na maneno."

Ermelinda anasema maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Aliyabeba njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipofika alikaa na chakula mbele yake, akitazama ile sahani moja, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka minne ya kuihurumia nafsi yake.

"Mimi hapa sina kaka," anasema. "Sina shemeji, sina mkwe, sina mjomba aliyepiga makofi. Kijiji hiki chote, mtu asiye na wa kumwaibisha ni mmoja tu."

Wageni wanarudi Jumatano ijayo kwa mkutano wa pili.

Darasani, Yasmin bado anawasubiri wajukuu zake wamjibu. Mtu akikuonyesha kitu cha mwenziwe, utafanyaje? Watoto wamekaa kimya, kile kimya kizuri cha kufikiri. Ndipo inaposikika korosho ikigonga dawati kule nyuma. Vichwa vyote vinageuka.

"Bibi," anasema Ermelinda. "Mjukuu wako mmoja anataka kwenda kumwuliza mwenye ahadi. Anaogopa. Aulize vipi?"

Yasmin anaduwaa. Hajawahi kuwa bibi wa mwalimu. Anaivuta kanga begani, anajikohoza kama Bi Ancha, na darasa linaanza kazi. Tuaibo anashauri aanze kwa kushukuru. Msichana wa pembeni, mwenye korosho zake tatu zote, anatoa ya kwanza na kusema asiende na kanga. Mwingine anasema aulize maneno yaleyale ya Nazira, asiongeze wala asipunguze, ili watu wajue ni swali moja.

Mwalimu anasikiliza kwa makini. Anarudia yale maneno kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Quelimane, na watoto wanamrekebisha pale anapokosea, bila kuogopa.

Baada ya kengele anabaki peke yake, anafunga madirisha, anakunja kanga. Anajua kwamba anaweza kuhamishwa kabla ya mtihani, au kufukuzwa kazi, na Mauro amekwisha kumwambia hatamtetea. Ossufo hakumwahidi chochote. Alipomweleza nia yake, mzee huyo alisema tu kwamba Jumatano atakuwepo uwanjani.

Swali lenyewe, anasema Ermelinda, huenda lisijibiwe hata safari hii. Si hilo analolitarajia.

"Likishatoka kinywani mwangu litakuwa langu, watanisema mimi," anasema, akipitisha kitambaa juu ya lile dawati la dirishani. "Yeye aje akae hapa, afanye mtihani wake."

Anamaliza kulifuta, anafunga mlango wa darasa, anakwenda nyumbani kumpigia simu Benvinda. Leo, anasema, hatamwuliza kama amekula. Atamwomba amwulize mama yake jambo lolote analotaka, na atangoja mpaka aulize.